Kila Jeraha Lina Mwenyewe

Adui mkubwa wa Sand dan Glokta ni ngazi. Anaziogopa kuliko anavyowaogopa wakubwa wake wa kazi, na za kushuka anaziogopa zaidi. Mguu wake wa kushoto hauna vidole, mgongo umepinda, na meno yake yameng'olewa kwa hesabu: palipobaki jino la juu, la chini yake halipo, palipobaki la chini, la juu limevunjwa. Waliomfanyia hivyo walitaka asitafune tena maisha yake yote. Zamani alikuwa ofisa kijana wa wapanda farasi, bingwa wa upanga, mzuri wa sura na mwenye majivuno ya kuudhi. Akatekwa vitani, akakaa miaka miwili katika magereza ya adui, akarudi kwao kiwete. Kazi aliyoipata baada ya hapo ni kuwatesa wengine mpaka wakiri.

Msomaji wa The Blade Itself, riwaya ya kwanza ya Mwingereza Joe Abercrombie, anakutana na Glokta mapema, na kwa haki angepaswa kumchukia. Mtu huyu ana sanduku la vifaa na anajua kila kimoja kinafanya nini. Lakini baada ya kurasa chache msomaji ameshaingia kichwani mwake. Anasikia kisigino kikigonga sakafu, kisha fimbo, kisha mguu mbovu ukiburutwa nyuma, na bila kutaka anaanza kumwombea huyu mtesaji apate kiti.

Abercrombie hutajwa kama mwandishi wa damu, na damu kweli ipo tele katika vitabu vyake. Wapenzi wa fantasia wana jina la aina hii ya riwaya, grimdark, neno lililotokana na maneno ya utangulizi wa mchezo wa Warhammer 40,000, na Abercrombie mwenyewe alilichukua akalifanya jina lake la mtandaoni. Mimi naona jina hilo linampunja. Waandishi wanaomwaga damu ni wengi. Wachache ndio wanaokumbuka kwamba pigo likitua linatua juu ya mwili wa mtu fulani, kwamba mtu huyo alikuwa anawaza jambo dakika ile, na kwamba kesho akiamka, kama ataamka, maumivu yatakuwa yanamsubiri kitandani.

Abercrombie alizaliwa Lancaster, kaskazini magharibi mwa Uingereza, mwaka 1974. Alisoma saikolojia Chuo Kikuu cha Manchester, kisha akaenda London kufanya kazi ya kuhariri filamu na vipindi vya televisheni. Ilikuwa kazi ya mkataba, leo ipo kesho haipo, na katika nafasi zilizopatikana baina ya kazi moja na nyingine alianza kuandika, mwaka 2002. Muswada ulikamilika mwaka 2004, ukakataliwa hapa na pale, na hatimaye Gollancz wakauchapa mwaka 2006. Before They Are Hanged ilifuata mwaka 2007 na Last Argument of Kings mwaka 2008, na hizo tatu ndizo trilojia inayoitwa The First Law.

Ujuzi wa chumba cha uhariri unaonekana tangu ukurasa wa kwanza. Kitabu kinafunguka mtu akiwa mbioni msituni. Hatujui ni nani, hatujui nchi ipi, hatujaambiwa ukoo wa mfalme yeyote. Viumbe wanamfukuza, anapigana nao, anaporomoka kwenye jabali, sura imekwisha. Na sura hiyo ya kufungulia ameipa jina la Mwisho, wakati sura ya kufungia trilojia nzima, kurasa elfu na zaidi baadaye, inaitwa Mwanzo. Vitabu vya fantasia kwa desturi huanza na ramani. Trilojia hii ilitoka bila ramani. Msomaji analazimika kuijua nchi kwa miguu ya wahusika, kama wanavyoijua wao, na jambo lolote ambalo mhusika halijali, halimo.

Mkimbiaji yule ni Logen, mtu wa Kaskazini mwenye vidole tisa, muuaji mashuhuri aliyechoka kuua. Sura zake zimeandikwa kwa sentensi fupi, maneno ya mkulima na mwindaji, na kila kona pana msemo alioachiwa na baba yake. Anayesoma hapa kwetu, tuliolelewa kwa methali, atamwelewa mara moja: mtu ambaye hana shule wala kitabu, ila ana hazina ya maneno ya wazee, na anayatumia kujikinga na mawazo mabaya ya usiku. Geuza ukurasa, uingie sura ya Jezal dan Luthar, ofisa kijana wa mjini, na lugha inabadilika. Sentensi zinarefuka, zinajipamba, zinasimama mbele ya kioo kuitazama taya yake nzuri. Ferro, mtumwa aliyetoroka, anapewa lugha ya mtu anayetema maneno. Funika majina ya wahusika ndani ya sura hizo, na bado utajua umo kichwani mwa nani kabla aya ya pili haijaisha.

Glokta amepewa kitu cha ziada. Anayoyasema kwa kinywa yamechapwa kwa herufi za kawaida, na anayoyawaza yamechapwa kwa herufi za mlazo, ndani ya mazungumzo hayo hayo. Anainamisha kichwa mbele ya Sult, mkuu wa idara yao, anajibu kwa heshima zote. Katikati ya heshima hizo wazo lake linapita, kali, la kuchekesha, mara nyingi likijilenga yeye mwenyewe. Anajiuliza kwa nini anaifanya kazi hii, na swali hilo linarudi kitabu hadi kitabu bila jibu la kuridhisha. Kicheko tunachokipata kwake ndicho kinachotutia hatiani. Tumeshirikiana utani na mtu ambaye muda mfupi baadaye atafungua lile sanduku la vifaa.

Miaka michache baadaye, katika The Heroes, Abercrombie alitumia njia hiyo hiyo kupata matokeo ya kinyume. Bremer dan Gorst ni askari mwenye nguvu za ajabu na sauti nyembamba kama ya mtoto, aliyeaibishwa kazini akapelekwa vitani kuwa macho ya mfalme. Kwa nje ni mtulivu, mnyenyekevu, anaandika barua za adabu kwa bwana wake. Ndani anachemka chuki, tamaa na kujihurumia, na furaha pekee anayoijua ni kuua. Mawazo ya Glokta yanatusogeza karibu naye. Ya Gorst yanatufukuza hatua kwa hatua, ingawa hakuna mtu jeshini aliye hodari kumshinda. Mwandishi anayeweza kuishika mbinu moja na kuielekeza kokote atakako anastahili kusomwa kwa makini, hata na wale ambao hawajawahi kujali mapanga wala wachawi.

Nirudi kwa Logen, maana ndani yake pana ukurasa ninaouona kuwa bora kuliko yote katika kitabu kile cha kwanza. Logen ana jina jingine, la vitani, ambalo watu wa Kaskazini hulitamka kwa hofu: the Bloody-Nine. Kwa sehemu kubwa ya kitabu tunasikia tu habari zake, huku tunayemwona ni mtu mpole, mwenye subira, anayechagua kunyamaza. Kisha anabanwa na adui zaidi ya mmoja, anapigwa, anakaribia kufa, na katikati ya mapigano jina la Logen linatoweka kwenye maandishi. Msimulizi hamtaji tena. Anayetajwa sasa ni yule mwingine, na lugha yake ni nyingine: ile ya misemo ya baba imekwisha, imekuja lugha ya juu, yenye mdundo, iliyojaa shangwe, kama maneno ya mungu wa kale anayeimba sifa zake. Hakuna aliyetuambia kwamba Logen amepatwa na kichaa, wala kwamba amepandwa na pepo. Sarufi ndiyo iliyotuambia. Mapigano yakiisha jina lake linarudi, pamoja na maumivu, na anatazama waliolala chini bila kukumbuka vizuri.

Na maumivu, kwa Abercrombie, yana kumbukumbu ndefu. Yule Jezal wa taya nzuri anapigwa rungu la chuma usoni katika kitabu cha pili, safarini, mbali na tabibu yeyote. Katika riwaya nyingine za aina hii angeamka na kovu dogo la kupendeza wasichana. Hapa taya imevunjika, meno yametoka, anafungwa kitambaa, analishwa kama mtoto mchanga, na anaumia kila mkokoteni ukipita juu ya jiwe. Ule uso uliokuwa mada ya sura zake zote umeondoka. Lugha ya sura zake nayo inabadilika: inapungua majivuno, inaanza kuwaona watu wengine waliokuwepo siku zote. Rungu moja limefanya kazi ambayo mahubiri yasingeweza, na mwandishi hakulazimika kutueleza somo lolote.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea mno mauaji mepesi. Filamu za mapigano tunazotazama jioni, video zinazozunguka kwenye simu, hata riwaya zetu za kijasusi tulizozisoma kwa kujificha chini ya dawati: mtu anapigwa risasi, anaanguka, mwendo unaendelea. Kitabu kinachomlazimisha msomaji kukaa na aliyeanguka kina heshima kwa binadamu, ingawa kwa juujuu kinaonekana kichafu zaidi.

The Heroes, ya mwaka 2011, ndiyo iliyofikisha jambo hili kileleni. Ni riwaya nene inayosimulia pigano moja tu, la siku tatu, katika bonde lenye mji mdogo, daraja, mto na kilima chenye duara la mawe ya kale. Safari hii ramani zipo, ili msomaji aone majeshi yamesimama wapi. Lakini sura inayozungumzwa kuliko zote haihitaji ramani. Inaanza ndani ya kichwa cha mtu mmoja katikati ya vurugu. Tunamjua kwa ukurasa mmoja au miwili: anachokiogopa, anachokitamani, yule aliye karibu yake. Halafu anauawa, na usimulizi unahamia kwa aliyemuua. Huyo naye ana hofu zake, ana mipango yake, na tunaanza kumzoea. Naye anauawa, na muuaji wake anapokea. Hivyo hivyo, kifo kikipita mkononi kama kijiti cha mbio za kupokezana, kutoka upande mmoja wa vita hadi mwingine na kurudi.

Nimeisoma sura hiyo kwa kalamu mkononi nikitafuta siri yake, na nadhani iko katika vitu vidogo. Kila anayekufa amekatizwa wazo lake. Hapati hotuba ya kuaga, hapati muda wa kuelewa. Na kwa kuwa kila muuaji anageuka mwenyeji wetu, mpango wa kugawa watu kuwa wetu na wao unavunjika ndani ya kurasa chache. Maofisa wanaotazama vita hiyo kwa darubini wangeona mistari ya watu ikisogea mbele na nyuma. Sisi tumeshindwa kuiona mistari. Abercrombie aliirudia mbinu hiyo katika riwaya za baadaye, akiwapa nafasi watu wadogo ambao majina yao hayangeingia katika historia ya nchi yoyote, lakini kwangu ile ya kwanza haijapitwa.

Katika The Heroes yumo pia Beck, kijana wa shamba aliyelelewa na habari za baba yake shujaa. Anamwacha mama yake na mbuzi zao, anakwenda vitani kutafuta jina. Mapigano yanapoingia ndani ya nyumba aliyowekwa ailinde, Beck anajificha kabatini. Anasikiliza wenzake wakiuawa. Anapotoka kwa kiherehere cha hofu anamchoma kwa upanga mtu wa kwanza anayemwona, na aliyemchoma ni mwenzake. Hakuna shahidi. Wakubwa wanamkuta amesimama na upanga wenye damu katikati ya maiti, wanampa sifa na jina la vita mbele ya watu. Amepata kila alichokuja kukitafuta. Kinachofanya sehemu hii iwe nzito ni kwamba Abercrombie haibezi ndoto ya kijana huyu. Anamhurumia. Anamwacha alibebe jina lile mwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa simulizi za namna hii. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Lamu na Pate, hauawi na jeshi. Anauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni, akiwa amelala, kwa kuwa kijana ameahidiwa kuozwa. Katika utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, kifo hicho hakiishi Liyongo anapokata roho. Anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na upinde wake umevutwa, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Mji mzima unakaa na kiu kwa sababu ya uovu uliofanyika usiku chumbani. Washairi wetu walijua zamani kwamba mauaji yanawafuata walio hai, na anayeupenda utendi ule hana sababu ya kumwona Abercrombie kuwa ni wa dunia ya mbali.

Katika fantasia ya Kiingereza Abercrombie alitanguliwa na wakubwa. J.R.R. Tolkien, ambaye The Lord of the Rings ilitoka mwaka 1954 na 1955, alikuwa ameiona Somme kwa macho yake mwaka 1916, na si kweli kwamba hakujua vita ni nini. George R.R. Martin naye alifungua mlango mwaka 1996 kwa A Game of Thrones. Alichofanya Abercrombie ni kuchukua wahusika ambao msomaji wa fantasia anadhani anawajua na kumlazimisha awatazame upya. Bayaz, mchawi wake mkuu, ni mzee mwenye upara na mabega mapana, anayefanana zaidi na muuza nyama buchani kuliko mtu wa hekima. Tunamfuata kwa imani kwa sababu vitabu vingi vimetufundisha kuwafuata wazee wa namna hiyo. Nani alinufaika na imani hiyo, msomaji aachwe alijue mwenyewe. Itoshe kusema kwamba katika ulimwengu huu benki inatisha kuliko joka lolote.

Mapungufu yapo, na anayempenda mwandishi ana wajibu wa kuyasema. Wanawake wa trilojia ya kwanza ni wachache na wamebanwa. Ferro anaruhusiwa hasira na kidogo sana zaidi ya hasira. Ardee West, mwenye akili na ulimi mkali, anatumia muda mwingi mno kuwasubiri wanaume nyumbani. Kasoro hiyo ilirekebishwa kadiri miaka ilivyokwenda. Monza Murcatto wa Best Served Cold, Shy wa Red Country, na hasa Savine na Rikke wa trilojia ya The Age of Madness, iliyotoka kati ya mwaka 2019 na 2021, wanasimama bila kuegemea mtu. Pia vijitambulisho vya wahusika vinarudiwa hadi vinachosha. Kuna kikomo cha mara ambazo msomaji anahitaji kuona Glokta akilamba fizi zake tupu. Na ipo hatari kubwa zaidi: baada ya vitabu vitatu, msomaji mwerevu anajifunza kwamba kila tumaini litaadhibiwa, na hapo huzuni inaanza kutabirika. Katika kurasa fulani za Last Argument of Kings nilihisi mwandishi amefunga milango kwa mazoea.

Ndiyo maana nilifurahi kuiona dunia yake ikihama. The Age of Madness imeuleta ulimwengu ule ule katika zama za viwanda: moshi juu ya paa, mashine za kusokota, watoto wanaofanya kazi katika viwanda hivyo, wafanyakazi wanaopanga kuasi usiku. Hatimaye yanakuja mapinduzi, pamoja na mahakama zake za hasira na mnara ambao waliohukumiwa wanatupwa kutoka juu. Jeraha la mkuki na jeraha la mashine yanapewa uangalifu ule ule. Tajiri anayehesabu faida na kibarua anayekohoa wote wamepewa sura zao na sauti zao, na hakuna kati yao aliyeandikwa kama kielelezo tu.

Anayetaka kuanza asiruke mahali. Aanze na The Blade Itself, na awe na subira, kwa sababu kitabu hicho kinatumia muda mrefu kuwakusanya watu na kinaishia safari ndipo inaanza. Asiyetaka trilojia achukue Best Served Cold, kisa cha mwanamke mmoja mpiganaji, aliyetupwa kutoka roshani ya kasri pamoja na ndugu yake, na wanaume saba anaowatafuta. Wasikilizaji wa vitabu vya sauti wana bahati yao: mwigizaji Steven Pacey amevisoma na kumpa kila mhusika sauti yake, hata Glokta ana matamshi ya mtu ambaye ulimi wake haupati meno ya kugusa. Na kwa yule ambaye uchawi haumvutii hata kidogo, The Heroes inasomeka peke yake, siku tatu za vita, uchawi ukiwa kidogo mno. Afikapo kwenye sura ile ya kifo kinachopokezana, aisome kwa mkao mmoja.